Kwa nini mgonjwa aliyedhoofika kwa njaa hulishwa polepole

Familia nyingi za Bura Mashariki na maeneo mengine ya Kaunti ya Garissa zinapomfikisha hospitalini mtu aliyekonda kwa kukosa chakula au kwa ugonjwa wa muda mrefu huwa na ombi moja: atundikiwe dripu na alishwe ashibe upesi. Ombi hilo hutokana na huruma. Hata hivyo, kwa mwili uliokaa siku nyingi bila chakula cha kutosha, kushibishwa ghafla kunaweza kuleta maradhi mapya, na hata kifo, iwe chakula kimepitia mdomoni au kimepitia kwenye mshipa.

Chanzo kikuu cha hatari hiyo ni upungufu wa madini yaitwayo fosfeti kwenye damu. Makala haya yanaeleza kazi ya fosfeti, sababu ya wahudumu wa afya kuanza na chakula kidogo, na yale ambayo mgonjwa na jamaa zake wanapaswa kujua fosfeti inapoongezwa kwenye chakula cha mshipani.

Fosfeti ni nini?

Fosfeti ni madini ambayo kila mtu huyapata kwenye chakula cha kawaida. Maziwa ya ngamia, ya ng'ombe na ya mbuzi yanayo, na pia nyama, samaki, mayai na maharagwe. Mwili wa mtu mzima huwa na takriban gramu 700 za fosforasi, na sehemu kubwa, kama asilimia 85, imo kwenye mifupa na meno.

Kiasi kilicho kwenye damu ni kidogo sana, lakini kazi yake ni kubwa. Bila fosfeti, chembe za mwili haziwezi kugeuza chakula kuwa nguvu. Moyo unaihitaji ili upige, misuli ya kifua inaihitaji ili mtu avute pumzi, na damu inaihitaji ili iweze kuachia hewa ya oksijeni inapofika kwenye viungo. Kwa mtu mzima mwenye afya, kipimo cha maabara huwa kati ya milimoli 0.8 na 1.5 kwa lita. Kikishuka chini ya 0.3, maisha yake yamo hatarini.

Kinachotokea mtu anapolishwa ghafla

Mtu asipopata chakula kwa siku nyingi, mwili hubadilisha mwendo wake. Huacha kutegemea sukari na kuanza kuchoma mafuta na misuli yake wenyewe. Katika muda huo akiba ya fosfeti, potasiamu, magnesiamu na vitamini B1 hupungua kidogo kidogo. Ajabu ni kwamba kipimo cha damu kinaweza kuonyesha hali ya kawaida, kwa sababu mwili unaendelea kutoa madini hayo kwenye chembe zake na kuyaweka kwenye damu.

Chakula kingi kinapoingia, hasa cha wanga na sukari, mwili hutoa homoni ya insulini kwa wingi. Insulini huisukuma sukari ndani ya chembe, na sukari hiyo huingia pamoja na fosfeti, potasiamu na magnesiamu. Kwa kuwa akiba ilikwisha, fosfeti ya kwenye damu hushuka ghafla ndani ya saa au siku chache. Mara nyingi hali hii hujitokeza katika siku tatu hadi tano za kwanza za kulishwa.

Mgonjwa aliyekuwa ameanza kuonekana na nafuu hulegea tena. Anaweza kushindwa kupumua vizuri, kuvimba miguu, kuchanganyikiwa, kupata degedege au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Jamaa wasioelewa husema mgonjwa amelogwa, au kwamba hospitali imempa dawa mbaya. Kumbe ni mwili uliopewa kazi kubwa kabla ya kupewa madini ya kuifanyia kazi hiyo.

Jambo lililojulikana miaka mingi

Hatari hii ilianza kuelezwa kwa kina baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mwaka 1951 madaktari wa Marekani walichapisha taarifa kuhusu wafungwa wa kivita wa Kijapani waliokuwa wamedhoofika kwa njaa nchini Ufilipino. Baadhi yao walifariki baada ya kuanza kupewa chakula cha kutosha.

Chakula cha mshipani kilipoanza kutumika hospitalini mwishoni mwa miaka ya 1960, kiliokoa watu wengi ambao matumbo yao hayakuweza kufanya kazi. Lakini mwaka 1981 madaktari nchini Marekani walieleza habari za wagonjwa wawili waliokuwa wamekonda sana, wakapewa chakula kingi cha mshipani kwa haraka, wakafariki. Fosfeti yao ilikuwa imeshuka mno. Tangu hapo, kuanza polepole na kupima madini ya damu ni sehemu ya kawaida ya matibabu haya.

Kwa Garissa, suala hili si la vitabuni tu. Mwaka 2011, njaa ilipotangazwa kusini mwa Somalia, maelfu ya familia ziliwasili kambi za Dadaab zikiwa na watoto waliodhoofika kupita kiasi. Kisha kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita bila mvua ya kutosha. Mifugo ilikufa, maziwa yakakosekana majumbani, na wodi za watoto wenye utapiamlo zikawa na kazi nyingi.

Dripu zote si sawa

Wakazi wengi huita kila chupa inayotundikwa "dripu", na wengi huamini kwamba dripu ni chakula. Ni vyema kutofautisha.

Dripu ya maji ya chumvi hurudisha maji na chumvi mwilini. Haina chakula chochote. Dripu ya glukosi ya asilimia 5 ina sukari kidogo: chupa ya nusu lita ina gramu 25, sawa na vijiko sita vya chai, na haifikishi hata kalori 100. Pakiti moja ya chakula tiba cha karanga, ambayo akina mama wengi wanaijua kutoka kliniki, ina kalori 500. Kwa maneno mengine, chupa tano za dripu hiyo hazifikii pakiti moja ya karanga. Pamoja na hayo, sukari hiyo kidogo inaweza kuamsha insulini na kuishusha fosfeti kwa mgonjwa aliyedhoofika sana. Ndiyo maana si vizuri kumshinikiza daktari au muuguzi atundike dripu "ya nguvu".

Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali kuna sababu nyingine. Moyo wake ni dhaifu na figo zake zimepunguza kazi. Maji mengi ya mshipani yanaweza kujaa kwenye mapafu na kumzidi. Kwa hiyo mtoto wa namna hii hutundikiwa dripu tu pale hali yake inapolazimu, kwa mfano anapokuwa katika mshtuko wa kupungukiwa na damu au maji, na huangaliwa kwa karibu.

Chakula cha mshipani chenyewe ni kitu kingine kabisa. Ni mchanganyiko wa sukari, protini, mafuta, vitamini na madini, ikiwemo fosfeti. Mara nyingi mfuko wake huwa na rangi nyeupe kama maziwa kwa sababu ya mafuta. Hupewa mgonjwa ambaye tumbo na utumbo wake haviwezi kupokea chakula, kama baada ya upasuaji mkubwa wa utumbo, au mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya wakati. Matibabu haya yanahitaji maabara ya kupima damu mara kwa mara na wahudumu wenye mafunzo, kwa hiyo hutolewa kwenye hospitali kubwa. Mgonjwa wa Bura anayeyahitaji hupewa rufaa, kwanza Garissa mjini na ikibidi Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 350 kutoka Garissa.

Utumbo ukiweza kufanya kazi, chakula cha mdomoni au cha mpira wa puani ndicho bora. Ni salama zaidi, hakileti hatari ya vijidudu kuingia kwenye damu, na huufanya utumbo usilale.

Mtoto aliyelazwa: kwa nini maziwa kidogo?

Watoto wengi wenye utapiamlo mkali hawahitaji chakula cha mshipani. Aliye na hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine mzito hutibiwa nyumbani kwa pakiti za karanga. Asiye na hamu, mwenye homa kali, kuhara, kutapika au uvimbe mkubwa hulazwa.

Wodini huanzishiwa maziwa ya tiba yaitwayo F-75. Namba hiyo ina maana ya kalori 75 katika kila mililita 100. Hupewa kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku. Yana protini na chumvi kidogo, na yamewekewa madini ambayo mwili wa mtoto umepungukiwa nayo. Maziwa yenyewe ni chanzo kizuri cha fosfeti. Hali inapotulia na hamu ya kula kurudi, kwa kawaida baada ya siku mbili hadi saba, mtoto huhamishiwa polepole kwenye maziwa ya F-100 au pakiti za karanga, ambazo ndizo humjenga mwili.

Wazazi wengine hukata tamaa katika siku hizi za mwanzo. Huona kikombe ni kidogo, mtoto analia, na uzito hauongezeki. Mtoto aliyevimba hata hupungua uzito, kwa kuwa maji ya uvimbe yanatoka. Hiyo ni dalili njema. Lengo la siku za kwanza ni kuokoa uhai; kunenepa huja baadaye. Kumtorosha mtoto wodini wakati huu, au kumwongezea kwa siri chai ya maziwa yenye sukari nyingi, uji mzito au biskuti, kunaweza kuharibu kazi yote.

Wataalamu wanaendelea kutafuta namna bora zaidi. Utafiti uliofanyika katika hospitali za Kilifi na Mombasa hapa Kenya na Blantyre nchini Malawi, ukihusisha zaidi ya watoto 800, ulijaribu maziwa ya F-75 yaliyopunguzwa wanga na kuondolewa sukari ya maziwa. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha kwamba maziwa hayo mapya hayakuwaletea watoto nafuu ya haraka kuliko yale ya kawaida. Kwa hiyo F-75 inabaki kuwa tiba ya kuanzia.

Mtu mzima anaanzia wapi?

Kwa mtu mzima aliye katika hatari kubwa, utaratibu unaotumika sana ni kuanza na kalori zisizozidi 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 50 ataanza na kalori 500, yaani sawa na pakiti moja tu ya karanga kwa siku nzima. Kiasi hicho huongezwa kwa siku nne hadi saba mpaka afikie mahitaji yake kamili. Vitamini B1 huanza kutolewa kabla au wakati uleule wa chakula cha kwanza.

Aliye katika hatari kubwa ni yule aliyekaa zaidi ya siku 10 bila kula au akila kidogo sana, aliyepoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito wake katika miezi michache, aliyekonda kupita kiasi, au ambaye madini ya damu yake yako chini hata kabla ya kulishwa. Hawa si watu wa ukame pekee. Wamo wagonjwa wa saratani, kifua kikuu, koo lililoziba, wazee wanaoishi peke yao, na watu waliotumia pombe kwa wingi kwa muda mrefu.

Fosfeti inapoongezwa kwenye mshipa

Mgonjwa anayepewa chakula cha mshipani hutolewa damu mara kwa mara, hasa katika wiki ya kwanza. Jamaa wasidhani damu inapotea bure. Vipimo hivyo ndivyo humwambia daktari kama fosfeti, potasiamu, magnesiamu na kalsiamu zinatosha, au zinahitaji kuongezwa au kupunguzwa.

Ikiwa upungufu ni mdogo na mgonjwa anaweza kumeza, fosfeti hutolewa kwa mdomo. Tatizo lake kubwa ni kuharisha. Dawa za kutuliza asidi ya tumbo zenye alumini au magnesiamu, pamoja na vidonge vya kalsiamu, huishika fosfeti tumboni isiingie mwilini, kwa hiyo zisitumiwe kwa wakati mmoja bila ushauri wa daktari.

Upungufu ukiwa mkubwa, fosfeti huwekwa kwenye dripu na kuingizwa polepole kwa saa kadhaa, mara nyingi kati ya 6 na 12. Haipigwi kwa sindano moja kwa moja kwenye mshipa. Ikiingia kwa kasi inaweza kushusha kalsiamu ya damu na kuleta ganzi, kukakamaa kwa misuli na degedege. Aina nyingi za dawa hii zina potasiamu pia, na potasiamu nyingi kwa ghafla inaweza kusimamisha moyo.

Kwa sababu hiyo, jamaa hawaruhusiwi kugusa gurudumu dogo linaloongoza kasi ya dripu, hata kama chupa inaonekana kuchelewa kuisha. Kama dripu imesimama au mashine inalia, aitwe muuguzi.

Chakula cha mshipani kina kanuni nyingine: kitu chochote kisichanganywe kwenye mfuko nje ya mpango wa mfamasia. Fosfeti na kalsiamu zikikutana kwa kiasi kisichofaa hugandana kuwa chembe ngumu kama chokaa, na chembe hizo huweza kuziba mishipa ya mapafu. Mwaka 1994 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wagonjwa wawili kufariki kutokana na tatizo hilo.

Mgonjwa wa figo ana tahadhari yake. Figo ndizo hutoa fosfeti iliyozidi, kwa hiyo zikiwa mbovu fosfeti hurundikana. Daktari huenda akapunguza fosfeti kwenye mfuko wake au asiiweke kabisa. Mgonjwa wa kitanda jirani akipewa, haina maana kila mtu anaihitaji.

Mambo ya kumwambia daktari

Mgonjwa au jamaa anayemsindikiza aeleze wazi, bila kuona aibu:

- Ni siku ngapi mgonjwa hajala, au amekula nini na kiasi gani.
- Uzito umepungua kiasi gani. Nguo zilizolegea ni kipimo kizuri kama hakuna mizani.
- Kama amekuwa akitapika au kuharisha.
- Kama ana ugonjwa wa figo, kisukari, moyo au saratani.
- Dawa anazotumia, zikiwemo za kisukari, za kuongeza mkojo, za asidi ya tumbo na za mitishamba.
- Dripu alizotundikiwa kwingine kabla ya kufika hospitalini, ikiwemo dukani kwa dawa.

Dalili za kumwita muuguzi mara moja

- Kupumua kwa shida au kwa kasi.
- Moyo kwenda mbio au kuruka mapigo.
- Ganzi au mchonyoto kuzunguka mdomo, vidole kukakamaa, degedege.
- Kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida, au kulegea ghafla.
- Miguu au uso kuvimba.
- Homa na kutetemeka kwa baridi, au wekundu, maumivu na uvimbe mahali mrija ulipoingia.

Nyumbani, kabla ya kufika hospitalini

Ushauri wa kulisha polepole usieleweke kuwa mgonjwa anyimwe chakula. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya njiani. Mtoto aliyedhoofika sana anaweza kuishiwa sukari mwilini na kupoteza fahamu, kwa hiyo kama yuko macho na anaweza kumeza, apewe maji ya sukari: kijiko kimoja cha chai cha sukari kilichojaa katika vijiko vitatu na nusu vya mezani vya maji safi. Afunikwe apate joto, kisha apelekwe haraka kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Mtu mzima apewe kidogo kidogo, kama maziwa au uji mwepesi, badala ya kuwekewa sinia la wali na nyama alimalize kwa mara moja.

Swali ambalo huulizwa ni kuhusu mfungo wa Ramadhani. Mtu mzima mwenye afya anayefuturu na kula daku hayumo katika hatari hii, kwa sababu mwili wake hupata chakula kila siku. Mgonjwa aliyekonda sana, au aliyetoka hospitalini baada ya matibabu haya, azungumze na daktari wake kabla ya kufunga.

Njia bora ni kumtambua mgonjwa kabla hajafika hali ya kuhitaji wodi. Mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano ambaye utepe wa kupimia mkono unaonyesha chini ya sentimita 11.5, au ambaye miguu yake yote miwili imevimba, ana utapiamlo mkali. Wahudumu wa afya ya jamii hupima mkono huo vijijini bila kungoja mtoto augue. Pakiti za karanga anazopewa mtoto ni dawa yake. Zikigawanywa kwa ndugu au kuuzwa, mgonjwa hatapona.

Wakazi pia wanakumbushwa kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kupiga *147#, na kuwaandikisha watoto wao mapema. Rufaa ya kwenda hospitali kubwa huja bila taarifa, na familia ambayo karatasi zake ziko tayari haipotezi siku ambayo mgonjwa hana.